Stratford imesoma; nani atabaki kuishi Stratford?

Mwaka 2011 chuo kikuu kimoja kikubwa cha London kilitaka kubomoa mtaa wa watu ili kijenge madarasa. Chuo chenyewe ni University College London, UCL kwa jina la kila siku. Mtaa ni Carpenters Estate: nyumba zipatazo 700 za halmashauri, nyingi zilizojengwa miaka ya 1960, nyuma tu ya stesheni ya Stratford, mashariki mwa jiji. Halmashauri ya Newham, ambayo ndiyo mwenye nyumba, iliunga mkono mpango huo. Maghorofa matatu marefu ya mtaa huo yalikuwa yameanza kuhamwa tangu mwaka 2004, fleti moja baada ya nyingine. Ilipofika Olimpiki ya 2012, BBC na Al Jazeera walipanga ghorofa za juu za jengo la Lund Point, kwa kuwa kutoka kule bustani yote ya michezo ilionekana. Mtangazaji alikuwa na mandhari ya kupendeza mgongoni pake, na chini ya miguu yake fleti zilizofungwa ambazo familia zilikuwa zikiziulizia.

Wakazi waligoma. Walioandamana nao ni pamoja na wanafunzi na wahadhiri wa UCL yenyewe, watu waliotumia ujuzi wa mipango miji waliofundishwa chuoni kukipinga chuo chao. Mei 2013 mazungumzo kati ya chuo na halmashauri yalivunjika. Sababu iliyotolewa rasmi ni kutoafikiana katika masuala ya kibiashara, na anayetaka kuamini kwamba kelele za wakazi hazikuchangia chochote ana uhuru wa kuamini hivyo. UCL ilihamishia mradi ndani ya bustani ya Olimpiki, ambako jengo la One Pool Street lilifunguliwa mwaka 2022 na la Marshgate mwaka uliofuata. Chuo cha mitindo cha London College of Fashion nacho kimehamia humohumo. Carpenters Estate haikuvunjwa kwa ajili ya chuo. Desemba 2021 wakazi walipigia kura mpango mwingine wa kuujenga upya mtaa wao, na walio wengi wakaukubali.

Mkasa huu unafaa kukumbukwa kila kiongozi anaposimama kwenye mahafali na kutamka kwamba elimu huleta mabadiliko katika jamii. Huleta, hakuna ubishi. Swali ambalo hotuba za mahafali hulikwepa ni mabadiliko hayo yanamfikia nani, na yanamkuta akiishi wapi.

Stratford ni mahali pazuri pa kuliulizia swali hilo kwa sababu upande wa shule kazi imefanyika kweli. Miaka ya 1990 shule za London ya ndani zilikuwa zikitajwa kwa aibu. Leo zinaongoza. Mpango wa London Challenge, ulioanza 2003 na kuendelea hadi 2011, ulizibana shule dhaifu na kuziunganisha na zilizofanya vizuri. Wazazi wahamiaji waliowasimamia watoto wao usiku na mchana nao wana sehemu yao katika hesabu hiyo. Newham ilianza kuwalisha bure watoto wote wa shule za msingi mwaka 2009, bila kuuliza kipato cha mzazi, na Septemba 2023 meya wa London, Sadiq Khan, akalifanya jambo hilo kuwa la jiji zima. Mwaka 2012 ilifunguliwa Stratford sekondari ya juu ya London Academy of Excellence, kwa msaada wa shule za kulipia zikiwemo zile ambazo mtoto wa dereva wa basi alikuwa akizisikia redioni tu.

Matokeo yake yanapimika. Mtoto wa London ya ndani anayepata chakula cha bure shuleni, kipimo ambacho Waingereza hukitumia kumtambua mtoto wa familia maskini, ana nafasi ya karibu nusu kwa nusu ya kufika chuo kikuu. Kwa wastani wa nchi, mtoto kama huyo anayefika chuo ni chini ya mmoja kati ya watatu. Shuleni, Newham wameshinda.

Sasa tutoke shuleni. Karibu nusu ya watoto wa Newham wanahesabiwa kuishi katika umaskini ukishaondoa gharama za nyumba. Kwa hesabu za shirika la Shelter, takribani mtu mmoja kati ya 20 katika halmashauri hiyo hana makao ya kudumu. Wengi wao wamewekwa katika vyumba vya muda, familia nzima chumba kimoja, mtoto akifanyia hesabu zake kitandani kwa sababu meza haipo. Aliyehitimu naye hasalimiki. Ada ya chuo, iliyopandishwa mwaka 2012 hadi pauni 9,000 kwa mwaka, anaibeba kama mkopo, na mshahara wake wa kwanza haufui dafu mbele ya kodi ya fleti zilizoota kandokando ya bustani. Atafungasha virago aende Essex, au Luton, au mbali zaidi. Mtaa uliomlea utampokea mpangaji mwingine aliyesomea kwingine.

Ndiyo kusema, elimu imemtoa mtoto katika umaskini na kuuacha umaskini palepale. Kwa familia yake ni ushindi, na hakuna mwenye haki ya kuubeza. Kuita hali hiyo mabadiliko ya jamii ni kutia chumvi.

Eneo hilohilo limewahi kuona elimu ya namna nyingine. Kilomita chache kusini, kule Beckton, palikuwa na kiwanda kikubwa cha gesi, na ndani yake kijana aitwaye Will Thorne aliyekuwa akichochea makaa kwenye matanuri. Alizaliwa Birmingham mwaka 1857, akaanza kazi akiwa na umri wa miaka sita, akizungusha gurudumu la msokota kamba. Shule hakuiona. Alipofika London alikuwa mtu mzima asiyejua kusoma vizuri wala kuandika, na zamu ya kiwandani ilikuwa saa 12, Jumapili ya kubadilishana zamu ikawa saa 18.

Machi 31, 1889 Thorne na wenzake waliitisha mkutano Canning Town na kuanzisha chama cha wafanyakazi wa gesi. Miongoni mwa waliojiunga na harakati hizo alikuwa Eleanor Marx, binti wa Karl Marx. Ndiye aliyemsaidia Thorne kusoma na kuandika. Herufi alizozipata zilikwenda moja kwa moja kwenye kazi iliyokuwa mbele yake: barua kwa waajiri, kumbukumbu za vikao, vitabu vya michango. Ndani ya miezi michache waajiri wa London walikubali zamu ya saa 8 bila mgomo. Mwaka 1891 Thorne aliingia katika baraza la West Ham, lililosimamia Stratford enzi hizo, na 1906 akawa mbunge, kiti alichokikalia, baadaye kwa jina jingine la jimbo, hadi 1945. Mwaka 1898 West Ham lilikuwa baraza la kwanza Uingereza kushikwa na wawakilishi wa wafanyakazi, na mwaka huohuo ilifunguliwa Stratford taasisi ya ufundi katika barabara ya Romford, ambayo leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha East London.

Jambo la kutazama kwa makini ni mpangilio. Chama kilikuja kwanza, herufi zikafuata. Thorne hakusoma ili aondoke Canning Town. Alisoma kwa kuwa wenzake walimhitaji mtu wa kusoma mkataba na kujibu barua. Kila alichojifunza kilikuwa na watu wanaokingoja. Ukimchukua mtu mwenye akili zilezile, ukampa cheti na tiketi ya treni, utapata karani mmoja mzuri wa gesi.

Afrika Mashariki inaifahamu habari hii, hata kama imeisahau. Serikali ya kikoloni Tanganyika ilifungua shule ili ipate makarani na walimu wa bei nafuu, na iliwapata. Lakini mwaka 1929 makarani na walimu haohao, Cecil Matola na Kleist Sykes wakiwemo, walianzisha Dar es Salaam chama cha Waafrika wa Tanganyika, na kutokana na chama hicho ikazaliwa TANU mwaka 1954. Waliosoma walikuwa wachache mno, wa kuhesabika. Walichokuwa nacho ni chama.

Baada ya uhuru jambo hilo likafanywa kwa upana. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Vikundi vilikusanyika kando ya redio, chini ya mwembe au kwenye baraza la mtu, kiongozi akiwa na kijitabu cha Kiswahili, wakasikiliza kipindi, wakajadili, halafu wakaamua la kufanya: nani atachimba choo wiki hii, nani atafyeka majani yaliyozunguka kisima. Walioshiriki walifikia takribani milioni 2. Vyoo vilichimbwa kwa maelfu na maelfu. Mtu anaweza kuilaumu siasa ya miaka ile kwa mengi, na walioswagwa kwenda vijiji vya ujamaa wana haki ya kuilaumu, lakini kama namna ya kusomesha, Mtu ni Afya ilikuwa na kitu ambacho mitaala mingi ya leo haina. Somo lilikwisha kwa watu kukubaliana jambo na kwenda kulifanya.

Turudi Stratford, mwaka 2013. Kulikuwa na hosteli ya vijana iitwayo Focus E15, na ndani yake akina mama wadogo, wengi bado hawajafika miaka 25, wenye watoto wachanga. Halmashauri ilikata fedha za huduma, na 29 kati yao wakapewa notisi ya kuhama. Walipouliza waende wapi, walitajiwa Hastings, Birmingham na Manchester, miji ambayo hawakuwa na ndugu wala jirani. Hakuna aliyewategemea wabishe. Lakini kila Jumamosi walianza kuweka meza kwenye barabara ya Broadway, karatasi juu, kipaza sauti mkononi, mikokoteni ya watoto pembeni. Kwenye meza ile walijifunza sheria ya makazi kama wengine wanavyojifunza darasani: notisi ina nguvu gani, halmashauri inawajibika kwa nani, neno lipi likitamkwa ofisini humfanya mtumishi avute faili. Wapitanjia wenye matatizo yaleyale walisimama, wakauliza, wakaondoka wakijua zaidi.

Septemba 2014 waliingia katika fleti tupu za Carpenters Estate, zilezile, wakakaa takribani wiki mbili na kuonyesha dunia kwamba nyumba nzuri zilikuwa zimeachwa wazi wakati watu hawana pa kulala. Meya wa wakati huo, Robin Wales, aliomba radhi hadharani kwa namna akina mama hao walivyotendewa, na baadhi ya nyumba zile zikafunguliwa kwa wasio na makao. Akina mama wenyewe walibaki London. Hakuna aliyewapa cheti.

Kuna mfano mwingine wa Newham ambao hausimuliwi vya kutosha. Kuanzia miaka ya 1980 wazazi wa watoto wenye ulemavu walipambana na halmashauri mpaka ikakubali kwamba watoto wao wasome katika shule za kawaida za mtaani, na kwa miaka iliyofuata shule nyingi maalumu zilifungwa. Vizazi vya watoto wa Newham vimekua vikikaa dawati moja na mwenye ugonjwa wa Down au mwenye kiti cha magurudumu. Mabadiliko hayo yalitokana na nani anaketi na nani, kabla hata mwalimu hajafungua kitabu.

Mtu atasema, na atakuwa na hoja: si haki kumtwisha mtoto wa maskini mzigo wa kuubadilisha mtaa wakati mtoto wa tajiri anasoma kwa ajili yake mwenyewe na hakuna anayemuuliza. Mama wa Kitanzania aliyefika London akiwa na shahada ya ualimu na sasa anafanya kea usiku, akiwageuza wazee vitandani hadi alfajiri, akimwambia bintiye asome awe daktari, ana haki yote. Amebeba maboksi ili mwanawe asiyabebe. Binti huyo akiwa daktari katika hospitali ya umma, jamii imefaidika, na kijana mweusi atakayemkuta zamu atamwona kama jambo la kawaida. Hilo nalo ni badiliko.

Ni kweli. Ila mama huyohuyo anajua pia kwamba akili ya binti yake pekee haitoshi, kwa sababu ameshaona milango ikifungwa kwa karatasi. Mfano unaojulikana nchi nzima ni wa Beaurish Tigere, aliyezaliwa Zambia na kuletwa Uingereza akiwa na umri wa miaka sita. Alisoma shule zote za Uingereza, akafaulu, akapata nafasi ya chuo, halafu akaambiwa hana haki ya mkopo kwa sababu ya aina ya kibali chake cha kuishi. Kesi ilifika Mahakama ya Juu, na Julai 29, 2015 majaji kwa kura tatu dhidi ya mbili waliamua kwamba kanuni ile ilikuwa ya kibaguzi. Nyuma yake kulikuwa na kundi la vijana waliokwama vilevile, Let Us Learn, lililoanzishwa mwaka 2014 na Chrisann Jarrett, mzaliwa wa Jamaika. Kila mmoja wao alidhani tatizo ni lake peke yake, na alilionea aibu, mpaka walipokutana. Serikali ilibadili kanuni, na waliofaidika ni pamoja na vijana wa Kikenya, Kiganda na Kitanzania ambao hawajawahi kulisikia jina la Tigere.

Wanaoomba hifadhi bado wako nje ya mlango huo: vyuo vingi huwatoza ada ya wanafunzi wa kigeni, na mkopo hawapewi. Chuo Kikuu cha East London kimekuwa na kozi fupi ya kuwaandaa wakimbizi kwa masomo ya juu, na wakati wa kambi ya wakimbizi ya Calais, Ufaransa, walimu wake walivuka bahari kwenda kufundisha ndani ya mahema. Kazi ya heshima, ingawa ni tone.

Basi Waswahili wa Newham wafanye nini? Wengi wao tayari wana shule yao ya wikendi, rasmi au ya sebuleni: madrasa, masomo ya dini kanisani, tuisheni ya hesabu, na pengine saa moja ya Kiswahili ili mtoto aweze kusalimiana na bibi kwenye simu. Watoto wanachelewa, wazazi wanakaa nyuma na vikombe vya chai wakisubiri. Katika kusubiri huko kuna darasa kubwa linalopotea. Wazazi hao hao wana mikataba ya pango wasiyoisoma, hati za mishahara zenye makato yasiyoeleweka, barua za halmashauri zilizowekwa juu ya friji bila kujibiwa. Saa moja ya kuzisoma pamoja, kwa sauti, ingezaa zaidi ya semina nyingi za uwezeshaji zinazofadhiliwa na watu wenye beji shingoni.

Hilo limeshafanyika jirani. Mwaka 1996 makanisa, misikiti, shule na vyama vya mashariki mwa London viliunda muungano wa TELCO, na mwaka 2001 ukaanzisha kampeni ya mshahara wa kutosha kuishi baada ya wazazi kueleza kwamba wanafanya kazi mbili za usafi na hawawaoni watoto wao. Waandaaji wa Olimpiki ya London walikubali kanuni hiyo. Wafagiaji ndio walioyafundisha mabenki ya Canary Wharf hesabu ya gharama za maisha.

Vyuo navyo visiachwe vikapumua. UCL, London College of Fashion na Chuo Kikuu cha East London vina majengo yenye joto, vyumba vitupu jioni na wanasheria wanafunzi wanaotafuta kesi za kujifunzia. Wakazi waliokaribia kubomolewa nyumba zao kwa jina la elimu wana sababu ya kudai vyumba hivyo vifunguliwe kwa masomo ya Kiingereza ya watu wazima na kwa ushauri wa makazi, bila ada na bila fomu ya kurasa nane.

Na kuna somo moja la kuanzia ambalo Waafrika Mashariki wengi wa Stratford hawajafundishwa na mtu. Raia wa Tanzania, Kenya, Uganda au Rwanda anayeishi Uingereza kihalali ana haki ya kujiandikisha na kupiga kura, ya udiwani, ya meya na ya ubunge, kwa sababu nchi yake ni mwanachama wa Jumuiya ya Madola. Uraia wa Uingereza hautakiwi. Uchaguzi wa halmashauri ya Newham, ile yenye funguo za nyumba, hufanyika kila baada ya miaka minne. Kujiandikisha ni kwa mtandao na hakuna malipo. Kituoni huombwa kitambulisho chenye picha, na pasipoti ya Tanzania au ya Kenya inakubalika.